Nilivyoseti DHCP rilei kwenye swichi ya ghala la korosho Mtwara, seva moja VLAN tatu

Kuna fundi yuko Dar, kaka yangu kabisa kwenye hii kazi, aliniambia kwa simu, "Mdogo wangu hiyo achana nayo, zipe kompyuta zote IP za mkono ukalale." Sikulala. Na leo kompyuta zote zinachukua IP, yaani namba ya mashine kwenye mtandao, zenyewe kutoka seva moja (kazi hiyo ya kugawa ndo DHCP), ndo maana naandika.

Ilikuwa ghala moja la korosho, njia ya Mikindani, mwezi wa tisa, minada inanukia na malori yakianza kuja hakuna atakayekuelewa ukisema mtandao haupo. Nikagawa swichi moja kwa VLAN, yaani mitandao iliyotengana ndani yake: VLAN 10 ofisi na seva, VLAN 20 mizani, VLAN 30 waifai ya wageni. Swichi ni ya mtumba, laki tatu na ushee, lakini inaruti yenyewe, yaani inapitisha data toka VLAN moja kwenda nyingine. Hiyo ya kugawa haina maneno.

Maneno yalianza kompyuta za mizani zilipoleta 169.254, ukiiona hiyo ujue mashine imeomba IP ikakosa wa kuijibu ikajipa yenyewe. Mashine isiyo na IP haimjui mtu, kwa hiyo inapiga kelele kwa wote, 255.255.255.255, na kelele haivuki VLAN, seva iko 10 mwenye shida yuko 20, itasikiaje? Rilei ndo inaidaka ile kelele na kuipeleka kwa seva moja kwa moja kama barua yenye anwani, na ndani ya barua swichi inaandika IP yake ya VLAN ileile, kwa hiyo seva inajua itoe namba za fungu gani.

Amri kwenye swichi yangu ni mstari mmoja tu, ip helper-address 192.168.10.5, hiyo namba ni ya seva. Jamaa mwingine kanishauri niiweke VLAN 10 "kwa sababu seva iko huko", asubuhi nzima ikaenda. Inawekwa upande wa wanaoomba jamani, 20 na 30, siyo upande wa seva.

Nikahamisha, skopu (mafungu ya namba za kugawa) za VLAN zote nishaweka kwenye seva, bado 169.254. Na nikiping seva kutoka kwenye swichi, yaani nikiiita nione kama inafikika, inajibu vizuri tu! Kila niliyempigia ananiambia kama ping inafika na IP hazitoki basi swichi mbovu, nunua nyingine. Nyingine kwa hela ya nani? Mama mhasibu kashakuja mlangoni mara mbili, "Mwanangu, bosi anauliza." Nikamwambia mama nipe lisaa limoja, nikaenda zangu feri kunywa supu ya pweza.

Pale feri ndo ikanijia. Swichi ikiping seva inatumia IP yake ya VLAN 10, yaani ni jirani wa seva, jirani lazima atajibiwa. Lakini jibu la rilei linatakiwa kwenda 192.168.20.1, anwani ya swichi upande wa mizani. Sikumaliza hata supu. Nikarudi nikaandika ping 192.168.10.5 source vlan 20. Kimya! Sijawahi kufurahia ping iliyofeli kama ile. Nikafungua Wireshark, programu ya kuchungulia data inayopita, kwenye seva, nikaona maombi yanaingia, seva inajibu, inajibu kila mara, ila majibu yote yanapitia 192.168.10.254, ruta ya intaneti, kwa sababu getiwei ya seva, yaani mlango wake wa kutokea kwenda mitandao mingine, ilikuwa bado ile ya zamani, na ruta haina habari kama kuna 192.168.20.0 mle ndani. Swichi waliyotaka niitupe haikuwa na kosa lolote.

Getiwei ya seva nikaifanya 192.168.10.1, swichi yenyewe, kwenye ruta nikaweka njia za kurudi VLAN 20 na 30 ili na intaneti ifike. Mizani nikapiga ipconfig /renew, amri ya kuomba IP upya, ikaja 192.168.20.11, yule dada karani akapiga kelele, "Kaka imekubali!"

Wageni niliwapa lizi (muda wa kukaa na namba) ya masaa mawili tu, simu za madereva zinakuja na kuondoka na fungu lile ni namba 254, ukiziachia siku nane kama seva ilivyokuja nayo zitakwisha foleni ikiwa nusu. Printa niliiachia IP yake ya kudumu, nikaitoa kwenye skopu. Na usisahau kusevu mipangilio ya swichi, umeme ukikatika unaanza upya, mimi nilisevu halafu nikachomoa waya wa swichi makusudi mbele ya bosi, nikarudisha, zote zikachukua IP.

Usiku nikampigia kaka wa Dar, nikamwambia imekubali, seva ni ileile moja. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Getiwei ya seva uliweka nini?"