Siku yangu ya kwanza Mumbai

Nimefika Mumbai jana na masikio bado yanavuma. Honi hazikatiki! Kariakoo siku ya sikukuu haifikii hata nusu. Pale stesheni ya Dadar treni haijasimama sawasawa, watu wameshaanza kuruka. Milango iko wazi, abiria wananing'inia. Niliganda, nimekumbatia begi, machozi yananilengalenga. Mama mmoja wa makamo, amevaa sari, akanishika mkono bila kuuliza, akanivuta hadi behewa la wanawake na kunisogezea nafasi. Lugha hatukuelewana kabisa. Kisha akafungua kontena lake la chakula, akaninyooshea: "Chapati." Jamani, nilimkumbatia! Mungu amzidishie. Keshokutwa mama yangu anakuja kwa matibabu, nataka niwe nimeshaizoea njia.