Siku mzee alimwaga maji

Tangu Jumatatu jirani wa nyuma anabadilisha jikoni yake, vijana wanakata yale mawe ya kiwandani ya kuweka juu ya kabati, wanakata na diski kavu bila tone la maji, vumbi jeupe linavuka ukuta linakuja kutua kwenye nguo zangu za kambani. Nguo zinafuliwa, hiyo si shida. Nilienda nikawaambia jamani, fungeni hata bidoni na kampira kadogo, maji yadondoke pale diski inapouma, mkubwa wao akasema Mama, tukiweka maji hatuoni mstari. Mawe ya aina hiyo mengine yana silika, yale madini ya mchanga mweupe, zaidi ya 90 kwa 100, Australia wameyakataza tangu Julai 2024 kwa sababu wakataji walikuwa wanaharibika mapafu wakiwa bado vijana. Niliwaambia na hilo pia. Wakanishukuru kwa adabu, wakaendelea.

Basi mchana wote, kwa mawazo, nikawa niko kwenye hanga ya Papa, baba yangu.

Ni mwanzoni mwa miaka ya 90, mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ulishaporomoka, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, inaanza kuinama, vipuri kutoka nje vinakuwa shida, na hapa Lubumbashi fonderi ndogo, viwanda vya kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu, zinasubu kila kitu, vyuma vya vinu, puli, mifuniko, chochote. Papa alikuwa ameacha mchanga wa kujengea akashika ule mweupe, wa fonderi, kwa sababu bei yake ilikuwa nzuri na wauzaji wachache. Papa mdogo, ndugu yake, ndiye alikuwa mikono yake.

Watu wanasema mchanga ni mchanga. Wa kujengea, ukiwa na udongo kidogo nani atakurudishia? Ule wa fonderi wanaupokea kama dawa. Chuma cha kusubu kinamiminwa kwenye digrii kama 1,400, na silika safi haiyeyuki mpaka ipite 1,700, ndiyo maana kalibu inashika chuma na chuma hakiwezi kula kalibu. Ukiingiza uchafu, chembe zinalainika mapema zinagandana na kipuri, kijana anashinda anakwangua. Ukiingiza maji bila kipimo, maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, kipuri kinatoka na matundu, na siku mbaya chuma chenyewe kinaruka. Hao wateja wetu walitaka mchanga safi na mkavu kabisa, udongo wa kushikisha na maji walikuwa wanachanganya wenyewe, kwa vipimo vyao.

Kwa hiyo kazi ilikuwa na mstari wake: unachimba, unaosha mpaka maji yatoke meupe, unaacha uchuje, unakausha kwenye mabati juu ya moto wa kuni, ndipo unachekecha. Kuosha ndiyo roho ya kazi nzima, maana maji yanaondoka na ule unga laini sana ambao macho hayaushiki. Wiki ile pampu iliharibika, komande ya wateja ilikuwa imechelewa, mvua inapiga kila siku, kwa hiyo waliosha juu juu tu na beseni wakapeleka kwenye moto.

Mimi nilitumwa na chakula. Bukari, matembele, na ndakala kidogo kwa sababu ilikuwa siku ya kazi ngumu. Mlango wa hanga ulikuwa umefungwa ili unyevu usiingie, nikagonga, papa mdogo akafungua kidogo, akanivuta ndani akafunga tena.

Joto la mle ndani ninalikumbuka kwenye meno. Mchanga kwenye mabati ulikuwa unatoa sauti ndogo, tsss, kila pele, yaani koleo, ilipougeuza. Papa mdogo alikuwa amefunga kitambaa puani, kile chenye maua cha mama mdogo, na nyusi zake zilikuwa nyeupe, kope nyeupe, nywele za mikono nyeupe, akawa mtu mzee ghafla mbele yangu na alikuwa hajafika hata miaka 30. Juu ya bati la paa kulikuwa na tundu la msumari. Jua lilikuwa limetoka kati ya mvua mbili, na kupitia tundu lile mwanga ulishuka ndani ya hanga umenyooka, mwembamba, mtu angeweza kuushika. Na ndani yake kulikuwa na vumbi linatembea. Halikuwa linaanguka. Nilisimama na sahani nikingoja lianguke, mchanga unaoanguka nilikuwa ninaujua, nimecheza nao maisha yangu yote, lakini huu ulikuwa unapanda, unazunguka, unapita mbele ya pua ya papa mdogo na unaingia kwenye maua ya kitambaa, akivuta pumzi maua yanaingia ndani, akitoa yanarudi. Niliingiza mkono wangu kwenye mwanga. Vumbi likaupisha, likarudi pale pale.

Hapo ndipo mzee wa fonderi alifika. Alikuwa anatumwa kila mara kuangalia mchanga kabla ya kamyo, mtu wa kazi ya zamani, alifundishwa kutengeneza kalibu wakati wa Wabelgiji. Alisimama mlangoni akatazama ule mwanga kama mimi. Hakugusa mchanga. Alichukua ndoo yetu ya maji ya kunywa akaimwaga yote chini, kwenye sakafu, kwenye miguu ya papa mdogo, akapiga mlango kwa teke mpaka ukagonga ukuta.

— Fungula mulango! Muchanga itakauka kesho.

Papa alikuja anakimbia. Waligombana pale pale, nikiwa bado na sahani. Papa anasema kamyo iko njiani, bila kulipwa leo watu hawa watakula nini, mzee anasema ule kijana anakunywa mawe, mara mbili alisema hivyo, anakunywa mawe. Halafu mzee akaondoka. Papa akasimama kidogo anatazama yale maji. Akafunga mlango.

Mengine yalienda haraka. Kamyo ilipakia, fonderi ilipokea, nililipiwa shule mwaka ule na mwaka uliofuata. Kikohozi cha papa mdogo kilikuja baada ya miaka, akatibiwa kifua kikuu, akatibiwa tena, na inawezekana kweli alikuwa nacho, maana mapafu yenye silika yanakishika upesi. Daktari mmoja ndiye aliyeangalia picha ya kifua akauliza: ulikuwa unafanya kazi gani? Ilikuwa silikosi, ugonjwa wa mapafu wa vumbi la silika, na silikosi haina dawa. Lile vumbi linabaki ndani, pafu linajaza makovu kulizunguka, na makovu yanaendelea hata mtu akiacha kazi. Tulimzika kiangazi, alikuwa mwepesi sana.

Inaniuma kwamba haya yalikuwa yanajulikana. Waingereza waliandika sheria ya kukataza kusafishia vyuma vya fonderi kwa kupuliza mchanga wa silika tangu 1949. Mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wakaliweka vumbi hili kati ya vitu vinavyoleta saratani kwa hakika. Na kinga ya kwanza ni maji, na mlango wazi, na kuosha vizuri kabla ya kukausha. Papa mdogo aliyajua maji tu ya kunywa, yale yaliyomwagwa.

Mwaka jana nilimuuliza Papa kuhusu siku ile. Nilikuwa nimebeba swali hilo miaka mingi na niliuliza vibaya, mbele ya watu. Alinyamaza mpaka nikadhani hakusikia. Halafu akasema mzee alikuwa na haki, yeye alijua hivyo hata wakati anafunga mlango. Ila mzee, akasema, alikuwa anapokea mshahara kila mwisho wa mwezi.

Sijapata cha kumjibu. Nimejaribu kumkasirikia, na vitabu vyangu vya shule vinanizuia.