Alama Mbili za Kujumlisha

Kwenye karatasi ya maabara ya kipimo cha mkojo, mbele ya neno protini, kulikuwa na alama mbili za kujumlisha. Baba aliniomba nimsomee tena, kisha akatabasamu. "Basi figo zangu ziko sawa. Zimeongezewa mbili." Sikumpinga, maana hata mimi sikujua.

Ilikuwa 2019, Bombo, mji wa kambi ya jeshi Uganda. Baba ni askari mstaafu, na Kiswahili chake cha kambini ndicho kilichotulea. Presha alikuwa nayo zaidi ya miaka kumi. Asubuhi hiyo alikunywa jagi zima la maji kabla ya kipimo ili mkojo uwe safi.

Nilirudi dirishani kuuliza. Dada wa maabara alinionyesha kijiti: kile kipande cha njano hugeuka kijani kikikuta protini, na kijani kikikolea, alama huongezeka.

"Figo ni chujio. Uchafu utoke, protini ibaki kwenye damu. Tukiiona huku kwenye mkojo, huenda chujio limeharibika. Lakini homa au kazi nzito pia huitoa, ndiyo maana tunarudia."

Nikamtajia lile jagi. Akanyamaza kidogo. Maji huzimua mkojo, alisema, na hata hivyo zimetoka mbili! Akatushauri tupime albumini, aina ya protini, ikilinganishwa na kreatinini, uchafu ambao figo huutoa, kwa kuwa maji yakizidi huzimua zote mbili sawasawa na hesabu haipotei. Uwe mkojo wa kwanza wa alfajiri.

Kesho yake tukapanda teksi ya Kampala kabla ya jua, kikopo cha mkojo nimekipakata ndani ya kavera jeusi, mfuko wa plastiki. Baba hakusema neno njia nzima.

Majibu: miligramu 640 za albumini kwa kila gramu ya kreatinini. Chini ya 30 ndiyo kawaida. Ikipita 300 imezidi sana. Daktari alimbadilishia dawa ya presha, akampa inayolinda na figo, akamkataza zile diklofenaki, dawa za maumivu, alizokuwa akimeza kwa ajili ya goti, na chumvi ipunguzwe. Turudi baada ya miezi 3.

Niliumia sana. Miaka yote ile alifungwa mkanda wa presha mkononi kila kliniki, na hakuna aliyewahi kumwomba mkojo.

Tuliporudi ilikuwa 390. Baba aliiandika kwenye kalenda ya ukutani, chini ya ile 640, akanigeukia: "Tunarudi mwezi gani?"