Thanjavur: hekalu la Rajaraja lisomwe kuanzia kitakoni

Kutoka kituo cha treni cha Thanjavur, kusini mwa India, nilikwenda kwa miguu hadi lango la mashariki. Mji huu uko ukingoni mwa delta ya mto Kaveri, nchi ya mpunga na mifereji, na hauna machimbo ya graniti karibu. Ila hekalu la Shiva, mungu wa Kihindu, alilolikamilisha mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola mwaka 1010 limejengwa kwa graniti, na mnara wake unapita mita 60. Mawe yote hayo yalisafirishwa.

Viatu huachwa langoni. Nenda asubuhi, kwani adhuhuri sakafu ya mawe huunguza nyayo na chumba kitakatifu hufungwa hadi jioni. Utapita lango la Keralantakan, linalotangaza ushindi wa mfalme dhidi ya watawala wa Kerala, kisha la Rajarajan. Yote mawili ni mafupi kuliko mnara. Katika mahekalu ya baadaye ya Kitamil, malango ndiyo yaliyorefuka.

Waongozaji husema kivuli cha mnara hakigusi ardhi. Subiri alasiri utakiona uani. Fahali mkubwa wa jiwe anayepigwa picha na kila mgeni naye si wa Rajaraja. Ni wa enzi za watawala wa Nayaka, karne nyingi baadaye. Mnara wenyewe una uwazi ndani: kila safu ya mawe imesogezwa kidogo kuelekea katikati kuliko ile ya chini yake, hadi pande zikakutana juu.

Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya kitako. Kimezungukwa na maandishi ya Kitamil, na jua la ubavuni ndilo linaloyatoa vizuri. Rajaraja aliagiza yachongwe aliyotoa yeye, dada yake Kundavai, wake zake na watu wengine. Hicho ni kitabu cha hesabu, na sijaona cha kukifananisha nacho. Dhahabu ilipimwa kwa jiwe la mizani lililoitwa Adavallan. Taa moja ya kuwaka daima ilitengewa kondoo majike 96, au ng'ombe 48, au nyati majike 16, na wachungaji waliokabidhiwa walidaiwa kipimo cha samli kila siku.

Wanawake 400 waliohamishwa kutoka mahekalu mengine ili wahudumu hapa wameandikwa mmoja mmoja: jina, hekalu alikotoka, mtaa na nyumba aliyopewa. Kila mmoja alipata fungu la kalam 100 za mpunga kwa mwaka, kalam ikiwa kipimo cha nafaka. Akifa au akihama, jamaa wa karibu alirithi fungu pamoja na kazi. Jamaa asipoiweza, alimchagua anayeiweza. Mfalme aliyeshinda vita vingi alifikiria hata hilo, na hapo ndipo ninapouona utawala wake kwa uwazi zaidi kuliko katika urefu wa mnara.

Michoro ya rangi ya enzi za Chola iligunduliwa mwaka 1931 chini ya tabaka la michoro ya Nayaka. Imo katika ujia mwembamba unaozunguka chumba kitakatifu, ambao kwa kawaida wageni hawaruhusiwi kuingia. Tafuta picha zake katika chumba cha maonyesho uani. Ukipita kwenye varanda za ukutani, utakuta maandishi marefu ya Kimarathi ya mwaka 1803. Ni Serfoji wa Pili, wa ukoo wa Bhonsle uliotawala Thanjavur baada ya Nayaka, aliyeamuru historia ya jamaa yake ichongwe katika hekalu la Rajaraja.