Alama ya X ya mama wa Norfolk

Leo tumeshinda kwenye makavazi ya Norwich, mji wa jimbo la Norfolk, mimi na mume wangu, tunatafuta ukoo wa mama yake.

Huku Uingereza serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo 1837, kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa tu, tangu 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, alipoamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi, kwa hiyo kazi yote ni kupambana na miandiko ya makasisi.

Basi mchana tukaipata ndoa ya bibi yao mmoja wa zamani. Toka 1754 sheria iliwataka maharusi wenyewe waweke sahihi.

Bwana kaandika jina lake.

Bibi harusi kaweka X.

Nikaikuza kwenye skrini. Wino umevimba pale mistari inapokatana, inaonekana aliikandamiza kalamu kwelikweli 😭

Jamani nililia. Nilimkumbuka bibi yangu wa Muheza na dole gumba lake kwenye karatasi za shamba. Wanangu ni damu ya hawa wote wawili!

Nyie wa kwenu mmewafuatilia mpaka kizazi cha ngapi? Mliwauliza kina nani? Niambieni hapa.