Mbuyu Hauhami: Siku Moja ya Kupima Ufukwe wa Kunduchi

Februari 2009, saa tatu asubuhi, tuliitandaza ramani ya karatasi juu ya ngalawa iliyopinduliwa karibu na soko la samaki la Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Ilikuwa na mistari miwili. Mwekundu ulionesha ukingo wa ufukwe kama tulivyouchora kutoka kwenye picha za angani za mwaka 1981. Wa buluu ulikuwa ukingo tulioutembelea na GPS wiki hiyohiyo. Kati yake palikuwa na pengo la zaidi ya mita 100, na kwa mujibu wa ramani ile, bahari ilikuwa imekula ardhi yote hiyo ndani ya miaka 28.

Mzee mmoja mvuvi aliitazama kwa muda mrefu. Tulikuwa tumeshaamkiana, barua yetu ya utambulisho imeshapita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na tulimwendea kwa ajili ya mahojiano ya historia tu. Ramani tulimwonesha kwa heshima, si kwa kutaka aihakiki. Akaweka kidole juu ya mstari mwekundu, akageuka kuangalia baharini, kisha akasema, "Wanangu, hapa mmekosea. Bahari imekula, ndiyo, lakini si kutoka pale. Pale palikuwa maji tangu nikiwa kijana. Ngalawa zilikuwa zinangoja pale maji yajae."

"Ujana huo ni wa lini, mzee?"

"Kabla ya vita ya Kagera. Nilikuwa sijaoa."

Jibu hilo lilikuwa na tarehe ndani yake. Katika mahojiano ya historia ya mazingira, ukimuuliza mtu "mwaka gani?" mara nyingi atakupa mwaka wa kukuridhisha. Ukimuuliza jambo hilo lilitokea kabla au baada ya tukio analolikumbuka kila mtu, anajibu kwa uhakika. Kwa pwani hii tulitumia Uhuru wa 1961, vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kila kumbukumbu tuliiweka kati ya matukio mawili, na hapo ndipo tulipokoma, kwa sababu kuidai kumbukumbu mwaka kamili ni kuiharibu. Ya mzee huyu ilikuwa ya kabla ya mwishoni mwa 1978. Kama pale palikuwa maji wakati huo, hapangeweza kuwa nchi kavu mwaka 1981.

Basi ama mzee amekosea, ama picha. Tukaanza na picha.

Shaka ya kwanza ilikuwa kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji hapa inapita mita 3, na kwenye ufukwe unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, mita 3 za kimo ni mita 30 za mlalo. Kwenye tambarare la chini linalobaki wazi maji yakipwa, umbali unakuwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo mtafiti hachori mahali maji yalipo pichani, kwa sababu mpiga picha hakusubiri maji. Anachora ukingo wa majani, yaani pale mimea itambaayo na mizizi ya mivinje inapoishia, au ule mstari wa taka na mwani unaoachwa na maji makuu. Uchunguzi wa dakika ishirini kwa kikuzio ulituonesha kuwa mstari wetu mwekundu ulifuata majani kote. Kosa halikuwa hapo.

Shaka ya pili ilikuwa picha yenyewe. Picha ya angani iko sahihi katikati na inavutika kingoni, hivyo theluthi ya kati ndiyo ya kutegemea. Kwenye picha ya mizani ya 1:12,500, milimita 1 ni mita 12.5, ukiiskani kwa nukta 600 kwa inchi, kila pikseli inabeba takriban nusu mita ya ardhi. Kwa pwani tambarare kama hii, hakuna mvutiko wa kuzaa mita 100 katikati ya picha. Hilo nalo tukaliondoa.

Ndipo mmoja wetu akasema twende magofuni.

Magofu ya Kunduchi yako umbali mfupi kutoka ufukweni: msikiti wa zamani wa mawe ya matumbawe na makaburi ya nguzo, mengi ya karne ya 18, ambayo baadhi ya nguzo zake zilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Pana mibuyu. Watu wa historia huja kusoma maandishi na ufundi wa chokaa. Sisi siku ile tulitaka kitu kimoja tu: vitu ambavyo kwa hakika havijahama tangu 1981. Kaburi halihami, na mbuyu hauhami. Mbuyu mzima una kichwa kipana cha kutosha kuonekana pichani kama doa la zaidi ya milimita 1, lenye kivuli chake.

Tulisimama ubavuni mwa shina, tukaiacha GPS itulie kwa dakika tano ikichukua wastani, tukarudia upande wa pili wa shina, tukagawanya. Kisha kona ya msikiti. Kisha, kwa pikipiki, kona mbili za kingo za mabwawa ya chumvi na njia panda ya zamani. Vituo vitano kwa jumla. Saa nane mchana tukafungua kompyuta na kupima kila kituo kilivyo chini na kilivyo pichani.

Vyote vitano vilikuwa vimehama. Kila kimoja pichani kilikuwa karibu mita 300 kaskazini na karibu mita 95 magharibi ya mahali pake halisi. Umbali mmoja, upande mmoja. Bahari haifanyi hivyo. Inakula hapa, inajaza pale, na haigusi mbuyu ulio ndani ya nchi. Kitu chochote kinachosogeza pwani na makaburi kwa kiasi kilekile ni kosa la vipimo.

Chanzo chake ni rahisi kueleza, na nakieleza kwa kirefu kwa sababu nimekiona tena katika kazi za watu makini. Ramani za serikali za 1:50,000 za Tanzania zilichorwa kwa datumu (msingi wa vipimo vyote vya ramani) ya Arc 1960, katika UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita za mashariki na za kaskazini, ukanda wa 37 Kusini kwa upande huu wa pwani. GPS ya mkononi ukiitoa kwenye boksi inasoma datumu nyingine, WGS84. Yote mawili hutoa tarakimu zinazofanana sura: mashariki tarakimu sita, kaskazini tarakimu saba. Hakuna kinachokuonya. Ila datumu hizo zinaichukulia dunia kuwa na umbo na kitovu tofauti kidogo, na kwa eneo la Dar es Salaam tofauti hiyo, kwa tarakimu za UTM, ndiyo mita 95 mashariki na mita 300 kusini unapotoka Arc 1960 kwenda WGS84. Sisi tulipachika picha ya 1981, yaani tuliiweka mahali pake kwenye kompyuta, kwa kusoma viwianishi (tarakimu za mahali) vya njia panda kwenye ramani ya 1:50,000, tukaiambia programu kuwa ni WGS84. Kisha tukailinganisha na GPS.

Programu ilitupa kosa la wastani la mita 9 na tukaridhika. Hilo ndilo ninalotamani kila mwanafunzi alielewe: kosa la wastani linapima kama vituo vyako vinakubaliana vyenyewe kwa vyenyewe. Vituo vyote vikitoka kwenye ramani moja yenye datumu moja iliyoandikwa vibaya, vitakubaliana vizuri kabisa huku vyote viko mahali pasipo pake. Lazima kiwepo kituo kimoja angalau ambacho hukukitumia kupachika, kilichopimwa kwa njia nyingine, ardhini.

Kosa hili lina hatari ya pekee kwa pwani. Halileti jibu moja la uongo, linaleta majibu tofauti kulingana na pwani inavyoelekea. Pale ufukwe unapokwenda kaskazini-magharibi kwa nyuzi 45, kama inavyokaribia kuwa kutoka Kunduchi kwenda Mbweni, mstari wa zamani unasukumwa baharini takriban mita 145, na unaona ulaji mkubwa ambao haukutokea. Pale kipande cha ufukwe kinapokwenda kaskazini moja kwa moja, mstari huohuo unaingia nchi kavu mita 95, na unaona ardhi imeongezeka. Matokeo yanakuwa na ulaji hapa na ujazo pale, jinsi hasa mtu anavyotarajia kutoka kwenye ufukwe wenye mikondo. Yanapendeza kusoma. Na kuna watu wenye nyumba humo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mstari uliokosewa kwa mita 100 ni mkubwa kuliko ukanda wote wa sheria.

Tulifanya upya kazi yote jioni ile. Hatukubadilisha datumu tu, kwa sababu mstari wa nusu milimita kwenye ramani ya 1:50,000 ni mita 25 za ardhi. Ramani ya mizani hiyo haifai kupachikia picha ambayo utapimia ufukwe. Tulipachika kwa vituo vinne vya GPS vya siku ile, tukaacha mbuyu nje kama shahidi. Kosa likawa mita 6, na mbuyu ukaangukia ndani yake.

Kisha hesabu ya mashaka. Mita 6 za kupachika, mita 8 tulizokadiria za kuutambua ukingo wa majani, mita 5 za GPS. Hazijumlishwi moja kwa moja. Unazidisha kila moja kwa yenyewe, 36 na 64 na 25, ndipo unajumlisha, unapata 125, kipeuo chake cha pili ni kama 11. Kwa miaka 28 hiyo ni mita 0.4 kwa mwaka. Badiliko lolote lililo chini ya hapo tuliliandika "halikupimika", na vipande kadhaa vya ufukwe tulivyokuwa tumevipaka rangi nyekundu vikageuka kijivu. Vilivyobaki vyekundu vilikuwa vichache, na sasa vilikuwa na sababu zinazoeleweka. Vingine viko kaskazini mwa kuta za mawe zilizojengwa kuingia baharini: upepo wa kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini, ukuta unaunasa upande wa kusini, na jirani wa kaskazini anakosa. Vingine viko karibu na midomo ya mito inayochimbwa mchanga wa ujenzi. Hapa historia ya mji na historia ya ufukwe ni jambo moja. Mji uliofikia watu 4,364,541 kwenye sensa ya 2012 ulijengwa kwa matofali ya saruji, na mchanga unaotolewa kwenye mito kama ya Mbezi na Tegeta ni mchanga ambao mvua zingeuleta pwani.

Asubuhi iliyofuata tulipima wasifu wa ufukwe, yaani jinsi unavyoshuka kuelekea baharini, kwa njia ya K. O. Emery ya mwaka 1961, kwa fito mbili za mita 1.5 na kamba. Wa nyuma analinganisha ncha ya fito ya mbele na upeo wa macho, anasoma kwenye fito yake sentimita ngapi chini ya ncha. Chini ya kila fito tuliweka kipande cha ubao, la sivyo inazama kwenye mchanga mbichi na kosa linajijumlisha kila hatua. Tulianzia kwenye kigingi kilichofungwa kwa saruji, ili tuje kurudia msimu wa kusi, maana ufukwe wa kaskazi na wa kusi haufanani na kipimo kimoja hakisemi kitu.

Mzee alikuwepo. Tulimpa ramani mpya. Mstari mwekundu ulikuwa umerudi karibu na nchi kavu, na akaufuata kwa kidole mpaka mbele ya mivinje.

"Marahaba. Sasa hapa ndipo," alisema. "Lakini kisima hamkukitia."

"Kisima gani, babu?"

Alitupeleka. Maji yalikuwa yanapwa, na katikati ya mchanga uliolowa palikuwa na duara la mawe yaliyopangwa kwa mkono, nusu limefukiwa, kuta za kisima cha maji baridi ambacho bahari ilikuwa sasa inakifunika kila siku. Mama yake aliteka hapo. Hakuna anayechimba kisima cha kunywa mahali maji chumvi yanapofika, kwa hiyo lile duara lilikuwa shahidi ambaye hakuhitaji picha wala datumu. Tulichukua wastani wa GPS kwa dakika tano, WGS84, tukaandika jina la datumu kwenye daftari pembeni ya tarakimu, kisha tukavuta tepu kutoka jiwe la ndani hadi ukingo wa majani. Tepu ya mita 50 ilitosha.