Usiku wa kwanza uani

Mtwara, Jumatano usiku

Leo tunalala uani, kwenye kile chumba kimoja na baraza tulichokijenga mwanzo kabisa, tukijibana humo huku nyumba kubwa ikipanda taratibu. Nyumba kubwa imepata mpangaji, mwalimu wa chuo na mkewe na watoto watatu. Kodi yao ndiyo nauli yetu. Hapa nilipokaa nawasikia watoto wanakimbizana sebuleni kwangu. Sebuleni kwao, nijizoeshe.

Nilistaafu ukunga nikiwa na miaka 60, Baba Salma alishanitangulia kustaafu. Kiinua mgongo kilipoingia kila mtu akawa na ushauri. Nunueni bodaboda. Fugeni kuku wa mayai. Wastaafu wenzangu wangapi nimewaona, mwaka haujaisha bodaboda iko juu ya mawe na kuku wamekwisha kwa kideri! Sisi tukakata pasipoti, 150,000 kila mmoja, ya miaka 10. Baba Salma akaipindua, akasoma tarehe ya mwisho, akacheka: "Ikiisha hii nitakuwa na 76. Au itakuwa imebaki yenyewe."

Wazo la safari ni lake. Alikuwa karani wa ghala la korosho, miaka 30 na ushei anahesabu magunia ya kilo 80, msimu hadi msimu, kuanzia Oktoba. Meli inajaa pale bandarini, inatoka ghubani, yeye anabaki na vumbi la magunia puani. Korosho zetu nyingi zinaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, zinabanguliwa huko. Kwenye makaratasi yake kaandika jina la bandari moja ya India, Tuticorin, Tuticorin, mpaka mwanetu wa mwisho akaweza kulitamka kabla hajaweza Nanyumbu ya hapa kwetu. Sasa anataka kuona magunia yake yalikuwa yanashukia wapi. Tuanze na Tuticorin, tupande Kollam, hukohuko India, kwenye wabanguaji wa zamani, kisha Vietnam. Baada ya hapo tutaona, tarehe ya kurudi hatuna. Mimi nilitaka tuanze karibu, tuvuke Daraja la Umoja twende Mueda, Msumbiji, alikozaliwa bibi yake, kule Kimakonde chetu kingetutosha bila mkalimani. Lakini jimbo lile la Cabo Delgado halijatulia tangu 2017. Basi tena.

Kuuza vitu nilidhani kutaniliza, kumbe kumenichosha tu. Friji lilichukuliwa siku ileile, makochi nayo vivyo hivyo. Kabati la vyombo ndilo lililokaa wiki tatu, kila anayekuja anafungua, anafunga, anaomba nipunguze. Ndani mlikuwa na vikombe 12 vya maua vyenye ukingo wa dhahabu. Nimevipangusa kila Jumamosi tangu niolewe. Nilipokaa kuhesabu vimetumika lini, nikapata mara mbili: posa ya Salma, na arubaini ya mama. Tulipolivuta kabati, nyuma yake tukakuta vifuniko saba vya hotpoti. Hotpoti zenyewe hazipo, na siwezi kueleza zilikwenda wapi. Nilikaa sakafuni nikaanza kucheka, Baba Salma akadhani nalia, akaniletea maji.

Kesho yake asubuhi nilivitoa vile vikombe, nikawapa mafundi waliokuwa wanapaka rangi wanywee chai. Kimoja kikavunjika mpini. Sikusema neno.

Wifi alishuka kutoka Newala Jumapili, hakupokea hata maji ya kunywa kabla hajasema lake. "Wifi, mtu mzima haondoki kwake. Mtu mzima anafuatwa." Kisha akamgeukia kaka yake: na mkifia huko? Baba Salma akamjibu, "Dada, kwani hapa Mtwara watu hawafi?" Akanuna mpaka jioni. Alipoondoka kaondoka na kinu na michi yote miwili, na mapande ya ming'oko, vile viazi vya porini, niliyokuwa nimechemsha. Mikorosho tumemwachia mwanawe, yeye ndiye atakayepuliza salfa Juni, ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, haumsubiri msafiri.

Kufa ugenini hakunitishi, nimeona vifo vingi vya hapahapa. Linalonikaa rohoni ni dogo. Nikipita sokoni, mwanamke anayeniuzia dagaa huniamkia "shikamoo bibi", na mimi ndiye niliyempokea, alitanguliza miguu, usiku wa mvua, tukiwa na kandili. Hajui. Mama yake anajua. Nikitembea mji huu natembea katikati ya watu niliowashika kabla mama zao hawajawashika. Huko Tuticorin nitakuwa bibi mmoja wa Kiafrika aliyefunga kitambaa.

Labda ndicho ninachokitaka pia. Sijajua.

Mabegi ni mawili. La kwangu kilo 9 kwenye mizani ya ghala, la Baba Salma 11. Nikalifungua nione zile mbili zimetoka wapi. Katikati ya suruali kulikuwa na bambo lake, lile la kuchomea magunia kuchukua sampuli, chuma kimechongoka kama mkuki. Nikamwambia uwanja wa ndege hatafika nalo popote. Akasema begi lake litakwenda kwenye mizigo, na huko Kollam anataka kuchoma gunia mwenyewe aone kama wanazihifadhi vizuri.

Nililitoa nikaliweka juu ya dari. Jioni natafuta kanga ya kulalia kwenye begi langu, nikaguswa na kitu baridi. Amelihamishia kwangu.